Miaka ya Columbus

Kila Jumamosi asubuhi Séphora alipanga viatu vya nyumba nzima karibu na mlango wa jikoni, na Babu yake, Mzee Bulonza, akavipaka rangi kimoja kimoja. Babu, aliyekuwa shemasi kanisani, aliimba besi mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Katika nyumba yao ya Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, Marekani, hiyo ndiyo ilikuwa saa ya masimulizi. Babu alitoka Uvira, Kongo, kwa miguu, akakaa kambini Tanzania miaka kumi na minne, akaletwa Louisville, akahamia Columbus, akamalizia Buffalo. Watu walimwita msafiri. Msafiri gani huyo ambaye hakuna aliyemuuliza anataka kwenda wapi? Hata siku ya kuzaliwa alipewa na mwandikishaji kambini: Januari mosi, sawa na majirani zake wote. Lakini kila mji alioingia, alitafuta kwanza kanisa la Kibaptisti, kisha nyumba, kisha shule ya watoto.

Babu alipofariki, Séphora, mwenye miaka kumi na mitatu, alipewa kazi ya kuandika wasifu wake ili ausome kanisani. Darasani hakuna aliyemshinda kwa insha. Baba yake, Theogene, alimpa namba mbili za simu. Ya Louisville ilipokelewa mara moja. Mama Dative alimsimulia saa nzima jinsi Babu alivyofua mashuka ya hoteli wiki nzima, na Jumapili akawapeleka wajane watano ibadani kwa gari bovu ambalo lilizimika kila penye taa nyekundu, nao wakashuka na kusukuma wakiwa na nguo zao za kanisani.

Simu ya Columbus iliita bila kupokelewa. Séphora hakupiga tena. Alipomuuliza baba yake habari za mji huo, alijibiwa tu kwamba nyumba za Buffalo zilikuwa rahisi, kisha baba akachukua koleo akaenda kuondoa theluji. Basi msichana akajitungia: "Columbus alipumzika kwa amani, akifurahia matunda ya kazi yake." Sentensi ilikuwa tamu. Karatasi mia mbili zikachapishwa.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya mazishi, wageni wa Columbus walifika. Mama Umurerwa, mwanamke mfupi aliyefunga kitambaa cheusi, alipewa chai na karatasi. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka kidole kikasimama.

"Nani aliandika hii?"

Séphora alisema ni yeye, akingoja kusifiwa.

"Bon, sawa. Mtoto wangu, babu yako hakupumzika Columbus hata siku moja. Ulimuuliza nani?"

"Nilikupigia, Mama. Hukupokea."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mimi niko kazini mpaka saa kumi. Babu yako, siku niliyofika mgeni, alinitafuta mlango kwa mlango barabara yote ya Morse. Wewe simu moja ikakuchosha?"

Watu walicheka kidogo. Séphora hakucheka. Kisha Mama Umurerwa akasimulia. Yeye na Babu walifanya kazi katika ghala moja, mwezi wa saba, bila feni, na kwenda kunywa maji lilikuwa kosa. Siku moja yeye, Umurerwa, alizimia katikati ya maboksi. Msimamizi akaamuru wengine waendelee. Mzee Bulonza alivua glavu, akaketi sakafuni kando yake. Mmoja akaketi, kisha mwingine, mpaka wakawa kumi na wanane. Hawakuinuka mpaka maji na feni vilipoletwa. Jumatatu iliyofuata, kadi ya Babu ya kuingilia kazini haikufungua mlango tena, na hakuna ghala lingine lililomtaka. Ndipo akaja Buffalo.

Theogene alikuwa akitazama kikombe chake. "Nilikuwepo," alisema. "Nilibaki kwenye mashine. Ndiyo maana sikuwaambia watoto."

Hakuna aliyemlaumu. Muda wa kuchapisha upya haukuwepo. Shangazi mmoja alisema mstari uachwe tu, nani atajua? Lakini Séphora alijua. Akiusoma, atamzika Babu pamoja na uongo. Akiukana, watu wa miji mitatu watajua kwamba alidanganya juu ya maiti ya babu yake.

Jumamosi alisoma mpaka mwisho wa Louisville, akaishusha karatasi.

"Mstari unaofuata si kweli," alisema. "Niliutunga kwa uvivu. Naomba mnisamehe."

Akaeleza habari ya ghala, yote. Alipofika pale watu walipoketi sakafuni, mzee mmoja wa Columbus alisimama katika benchi lake. Akasimama mwingine, na mwingine, mpaka wakawa saba, na Mama Umurerwa kati yao. Walisimama tu hadi alipomaliza.

Nje ya kanisa, baba yake alimfunga vizuri skafu shingoni.

"Uongo wako ulikuwa wa wiki moja," alimwambia. "Wangu ni wa miaka tisa. Mtu akifariki, anatuachia kazi ya kusema alivyoishi. Kazi hiyo ni kuuliza, kupiga simu hata mara kumi, na kusema ukweli hata unapotuaibisha sisi tuliobaki. Leo umeifanya, mwanangu. Mimi naianza sasa."

Akavuka theluji kuwaendea wale saba.