Jinzi ya Laki Saba na Mguu wa Kushoto

"Ukiharibu hii, mama, heri unizike nayo," msichana alisema, akailaza jinzi juu ya cherehani yangu kama anayelaza mtoto mchanga.

"Kuzika ni gharama," nikamwambia. "Hebu niione kwanza."

Alikuwa Mkongo, miaka thelathini na kidogo, nywele zimesukwa vizuri, kiatu kisafi katikati ya tope la soko la Owino, hapa Kampala. Alisema anaitwa Blandine, anauza vitenge Kasubi, na mafundi watatu walikuwa wamemwelekeza kwangu. Hilo halikunishangaza. Kufupisha suruali kila fundi wa soko hili anajua. Lakini jinzi ya bei kubwa huja na upindo wake wa kiwandani, umepauka na kujikunja kwa namna yake, na ukiukata ukakunja mwingine, kila mtu anaona suruali imefupishwa. Mimi naubandua ule upindo, nakata nguo hapo juu, halafu naurudisha. Owino nzima tunaoweza kazi hiyo ni wawili, na mwenzangu ana mtoto wa jicho.

"Umenunua ngapi?"

"Laki saba. Kololo, kwenye duka la vioo."

Nilivua miwani nikaifuta. Hatua ishirini kutoka nilipokaa kulikuwa na rundo la jinzi za mitumba, elfu ishirini kila moja, ukibembeleza elfu kumi na tano.

"Mama, wewe ni fundi. Niambie ukweli. Inastahili?"

Niliigeuza ndani nje. Kitambaa kizito, mshono wa nyuzi mbili umelala sawa kutoka kiunoni mpaka chini, vifungo vya shaba havitikisiki. Nikamwambia nguo ni ya kweli, hakutapeliwa, lakini mimi kwa laki saba ningetaka iniamkie asubuhi na kunichemshia chai.

Alicheka. Akasema si yake, ni ya bwana wake. Jumamosi bwana huyo anakwenda Katwe kujitambulisha kwa wajomba wa Blandine, na wajomba hao ni watu wanaomsoma mtu kuanzia kiatu kwenda juu. Wakimwona na suruali ya rundo watasema Blandine ameokota mtu barabarani.

"Umeleta suruali ya mfano?" nikauliza. Vipimo vya kichwani siviamini.

Akatoa kwenye mfuko suruali ya kaki iliyokunjwa vizuri.

"Uangalie sana, mama. Mguu wake wa kushoto ni mfupi. Kidole kimoja na nusu."

Sikuhitaji kuangalia. Nilitia mkono mfukoni mwa ile kaki, kama anayetafuta pini iliyosahaulika, nikakivuta nje kitambaa cha ndani. Ndege wa manjano. Lilikuwa gauni langu. Nililikata kwa mkono wangu mwaka juzi, ili Cleopas awe na mifuko isiyotoboka.

Nyinyi mnaosoma haya kwenye simu zenu mtasema, bibi wa miaka sitini na miwili anatafuta nini kwa mwanamume. Nitawaambia. Mume wangu alipokufa kule Bungoma, ndugu zake walinitoa shambani na sufuria zangu mbili. Nikaja Kampala na cherehani. Cleopas nilimpata miaka minne iliyopita, mlinzi wa ghala moja Luzira, Mkenya mwenzangu, mtu wa Busia. Mimi nilimwambia mapema kwamba mambo ya maua siyajui. Ninachotaka ni mahali nitakapolazwa siku yangu ikifika, pawe na jina la mtu aliyenitaka. Jioni ile ile akanionyesha picha kwenye simu, uwanja nyuma ya nyumba yake, na mparachichi mmoja umesimama.

"Hapa mimi," alisema, akagusa upande mmoja wa mti. Akagusa upande wa pili. "Na hapa wewe."

Wengine hupewa pete. Mimi nilionyeshwa kaburi, nikalia kwa furaha.

Jumamosi hiyo hiyo ndiyo tulikuwa twende Busia, mchungaji atubariki mbele ya watu wake. Lakini asubuhi ya siku aliyokuja Blandine nilikuwa nimepata ujumbe: "Mpenzi J'mosi imekuwa ngumu. Bosi amekataa ruhusa. Tutaenda mwezi ujao. Mungu ni mwema." Ilikuwa mara ya tatu. Na mara zote tatu Mungu alikuwa mwema.

"Huo mguu," nikamuuliza Blandine, nikijifanya natafuta chaki, "ulipatwa na nini?"

Akasimulia na macho yakamlegea. Mto ulifurika, watoto wawili wakachukuliwa na maji, Cleo akajitupa, jiwe likamvunja. Mimi aliniambia aliangushwa na lori la mahindi, tena amelewa. Mguu ni mmoja, ila kila mwanamke na hadithi ya saizi yake.

"Ni mtu mzuri, mama. Atanipeleka kwao. Ona."

Akanipa simu yake. Uwanja ule. Mparachichi ule.

"Hapa upande huu atanijengea jiko," Blandine alisema, kidole chake juu ya mahali pangu.

Basi nilikuwa nimeshajengewa jiko juu ya kaburi, na sijafa bado.

Ningeweza kunyamaza. Wanawake wa umri wangu tumesomea kunyamaza kuliko tulivyosomea hesabu. Lakini nguo ya mteja ilikuwa mbele yangu na mkasi mkononi, nami nikauweka mkasi chini.

"Mwanangu, jinzi ya bei hii siikati kabla ya kumuuliza mwenyewe. Mpigie. Weka sauti ya juu, masikio yangu yamechoka."

Akapiga. Ikaita mara mbili.

"Cheri," sauti ya Cleopas ikasema. Hiyo Cheri ilikuwa mpya kwangu. Mimi huniita Mama Cherehani, na akiwa amekosa, kwa jina langu, Nabangala.

"Cleo, niko kwa fundi. Anataka kukuuliza jambo."

"Fundi wa wapi?"

"Huku Owino. Mama mmoja mzee, mcheshi, ana miwani imefungwa uzi..."

"Blandine. Chukua suruali uondoke hapo."

"Kwa nini?"

"Ondoka tu. Owino wanaharibu nguo."

Nikaiinamia simu.

"Cleopas, mguu wa kushoto nipunguze kidole kimoja na nusu kama siku zote, ama umerefuka?"

Tulisikia magunia yakiburutwa huko aliko. Halafu simu ikakatika.

Blandine aliitazama simu, akanitazama mimi.

"Unamjua."

"Nimemfupishia suruali miaka minne."

"Kama mteja."

Nilifungua mkoba wangu nikatoa kilemba changu cha kanisani. Kimetoka kwenye gauni lile lile. Nikakiweka kando ya mfuko wa ile kaki, ndege kwa ndege.

"Bibi wa umri wako?" alisema polepole. Alitaka iniume, na iliniuma.

"Umri wangu haukumzuia kula chakula changu."

Akakaa juu ya furushi la mitumba la jirani yangu bila kuomba ruhusa. Nilidhani atalia, hakulia. Alisema ana mimba ya miezi minne. Alisema baba yake alibaki Kongo na hawajui kama yu hai, wajomba ndio wanaomlisha na kumlaza, na walikwisha kumwambia kwamba tumbo lisilo na mwenyewe halitalala kwao. Watu wamealikwa. Mbuzi amefungwa uani.

"Kama Jumamosi hakuna mtu ndani ya suruali hii, mama, mimi nitaenda wapi?"

Swali hilo hilo nilikuwa nalo mimi, isipokuwa langu halikuwa na haraka ya Jumamosi.

Simu yangu ikalia. Ujumbe: "Nabangala nitakuja ijumaa tuongee. Tafadhali usiikate hiyo suruali vibaya."

Nilimpa Blandine asome. Akausoma mara mbili. Akacheka, akacheka tena, mpaka kicheko kikageuka kikawa kile kilio alichokuwa amekizuia. Nami nikacheka naye, maana miaka minne ya maisha yangu imejibiwa kwa mstari mmoja, na huo mstari ni wa suruali.

Alipoondoka aliiacha jinzi juu ya cherehani. Mlangoni aligeuka.

"Nishonee, mama. Nakuomba."

Ijumaa saa sita mchana Cleopas akaja, kofia mkononi, chupa ya soda kwenye mfuko wa nailoni. Alikaribia kwa ile hatua yake, moja ndefu moja fupi, ambayo niliweza kuisikia kutoka kwa wauza nyanya.

"Nabangala."

"Vaa tuone."

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na jinzi ya laki saba imejikunja visiginoni mwake. Mzee wa miaka hamsini na tisa. Nilipiga magoti mbele yake, pini mdomoni, nikaanza na mguu wa kulia.

"Simama sawa. Usiuegemee mguu mzuri."

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Nikishalala chini ya mparachichi?"

Watu walipita na ndoo zao, muuza vifungo wa mbele yangu akajifanya anapanga vifungo.

"Ana mtoto wangu tumboni," Cleopas akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kuniita baba, Nabangala. Hata mmoja. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Pini mdomoni ni kitu kizuri. Zinampa mwanamke sababu ya kutojibu.

Nikahamia mguu wa kushoto. Pale juu ya kifundo kuna kovu ninalolijua. Nimelikanda kwa mafuta ya moto misimu minane ya mvua. Nikazitema pini kiganjani.

"Ulinipenda?" Niliuliza upindo, sikuuliza uso.

"Nakupenda hata sasa. Huu mguu hakuna mtu aliyewahi kunifichia kama wewe."

"Na mahali pangu?"

Alifikiri. Mungu ni shahidi, alifikiri kweli, kama mtu mwenye shida ya kusogeza kitanda.

"Mahali papo," alisema. "Uwanja ni mkubwa. Blandine nitamweleza polepole. Jiko tunaweza kulisogeza kidogo."

Alimaanisha wema. Hapo ndipo niliposhindwa. Mtu akikutukana unajua pa kusimama, lakini huyu alikuwa ananikatia kipande cha nyuma ya jiko la mwanamke mwingine, niwe nasikia sufuria zikigongana juu yangu mpaka siku ya ufufuo, na anangoja nimshukuru.

Aligeuka kwenye kioo changu kilichopasuka, akajitazama mbele na nyuma.

"Imenikaaje?"

"Imekukaa."

"Kweli inastahili ile bei?"

"Ulizia Katwe."

Nikamwambia arudi saa kumi. Akataka kuniachia soda, nikamwambia sukari inanisumbua, ingawa hainisumbui.

Nilibaki na mkasi na jinzi. Nisiwafiche, nilifikiria kuikata miguu yote miwili sawa. Pini zinahamishika. Mguu wa kushoto ungeburuta chini, angekanyaga upindo wake mwenyewe mbele ya wajomba, na laki saba zote zingelala sakafuni pamoja naye. Niliona mpaka mbuzi akimtazama. Nilicheka peke yangu, muuza vifungo akauliza kuna nini, nikasema hakuna.

Halafu nikamwona Blandine naye mawazoni, amesimama pembeni na tumbo lake.

Nikakaa kwenye cherehani. Sikuchukua tepu. Nilibandua upindo, nikakata, nikaurudisha, nikapitisha pasi ya mkaa. Nilipoilinganisha miguu, wa kushoto ulikuwa mfupi kwa kidole kimoja na nusu, sawasawa, kana kwamba mkono wangu haukuwa umeambiwa habari yoyote.

Cleopas alipokuja kuichukua nilimtoza elfu kumi na tano, bei ya mtu nisiyemjua. Alizihesabu, akaniwekea mezani, akasimama akingoja niseme kitu. Nikamwuliza mteja aliyekuwa nyuma yake anataka nini.

Jumamosi jioni Blandine alinitumia picha. Cleopas amesimama katikati ya wanaume watano waliovaa kuliko maharusi, mkono wake begani mwa mjomba. Chini yake ameandika: "Wamemkubali. Wameisifu suruali. Aksanti, mama, nisamehe."

Niliikuza picha kwa vidole viwili. Uso sikuutafuta. Nilishuka moja kwa moja kwenye viatu. Pindo zote mbili zilikuwa zimegusa kiatu usawa mmoja, na palipokatwa hapakuonekana. Mtu asiyejua angeapa kwamba yule bwana ana miguu miwili sawa. Kwa hiyo mkiniuliza, nguo ile inastahili laki zake saba. Nimeishika ndani na nje, haina kosa.

Jumatatu sikufungua kazi. Nilienda kwenye ofisi moja inayouza makaburi hapa Kampala, nikauliza bei. Msichana wa mezani alikuwa na adabu, akanipa kiti. Akaniuliza, bibi, unataka lenye marumaru au la kawaida, akanitajia bei ya lile la kawaida, nikavua miwani nikaifuta.

Nikamwuliza kama hawana la mitumba.

Alitabasamu. Alidhani natania.