Wilfried Alikula na Mama Mkwe

“Mama, kuya karibu. Tukule pamoja, sisi wote tuko sawa.”

Aliyesema hivyo ni Wilfried, ameketi kwenye mkeka uani, katika kijiji cha Lubondja, mikono ameshanawa. Mama aliyekuwa akiitwa ni Anastasie, mzazi wa Espérance, na Espérance ndiye msichana ambaye Wilfried huyohuyo alimwahidi ndoa. Binti alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na bakuli la sombe, mboga ya majani ya mihogo, mkononi. Alidhani masikio yake yanamdanganya.

Kwao hata mtoto anajua kwamba mwanaume anayeposa hali chakula mbele ya mama mkwe. Akimwona njiani anaiacha njia, anapita vichakani, anageuza uso. Ndiyo heshima yenyewe. Anayekaa naye sahani moja anawatangazia watu wote kwamba hana habari na binti wa mama huyo.

Na Lubondja nzima ilikuwa ikimsubiri mkwe. Espérance alikuwa ametuma habari kwa fonie, redio ya mawasiliano ya parokia, na fonie haina siri, kila mwenye redio hadi Kilembwe alisikia: “Mama, mukwe yako iko kuya na kikundi. Upike.” Anastasie alipika, akajificha jikoni kama inavyotakiwa. Sasa mkwe mwenyewe anamwita nje mbele ya wageni. Akatoka, akaketi kwa haya. Wilfried akamega bugali, akachovya naye bakuli moja, huku Marthe, mkubwa wa msafara kutoka Bukavu, akipiga picha. Majirani wakaacha kutafuna.

Msafara wenyewe ulikuwa kichekesho. Vita vilikuwa vimepoa kidogo tu, na shirika moja likawaokota vijana watembee kwa miguu kutoka Mboko, kijiji hadi kijiji, kuwahimiza wanakijiji wabuni vitu vyao wenyewe. Watu walioibiwa hata sufuria, eti wahimizwe kubuni. Asubuhi hiyo mama mmoja alionyesha kopo la nyanya alilogeuza taa. Wageni wakapiga makofi, na hakuna aliyeuliza mafuta anayapata wapi. Mhutubu alikuwa Wilfried, na kila hotuba ilimvimbisha kichwa. Espérance alijiunga kwa ajili yake, akatembea mpaka kucha zikamtoka. Sasa alijiona mjinga wa kupindukia.

Akamvuta nyuma ya nyumba.

“Umekula na mama yangu.”

“Ni ya foto tu, chérie. Marthe anataka kutuona pamoja na bamama.”

“Batu bote balisikia kwa fonie kama we njo mukwe. Sasa banasema nini?”

“Ile ni mambo ya bazee. Sisi tuko batu ba maendeleo. Mi siwezi kukimbia mama ya muntu juu ya bugali.”

Hapo alijiponza mwenyewe. Espérance akakumbuka safari ilipoanza, kule Mboko. Walikutana barabarani na mama mmoja mwenye beseni la ndagala, wale dagaa wa ziwani, na bwana maendeleo huyu akaruka mtaro, akatokomea ndani ya mihogo, akarudi na matope hadi magotini akisema tumbo linamsumbua. Wakamhurumia wote, na Espérance akamchemshia maji.

Bonaventure, kijana wa Mboko aliyetembea nao njia yote bila maneno mengi, alikuwa hapo karibu akifunga mizigo. Espérance akamwita.

“Yule mama wa ndagala kule kwenu ni nani?”

Bonaventure akatazama chini. “Ni mama ya Félicité.”

“Na Félicité?”

“Umuulize Wilfried.”

Wilfried akaanza kueleza kwamba familia ndiyo iliyomchagulia Félicité, kwamba moyo wake uko hapa, kwamba mambo yangepangwa polepole. Espérance alimtazama kama mbuzi aliyeingia kanisani.

“Kumbe kukimbia unajua,” akasema. “Mama ya Félicité unamukimbia mpaka kwa mihogo. Wangu unamuita kwa mukeka. Enda, Wilfried. Ukahubirie bengine.”

Akaenda kweli, akajibanza karibu na Marthe na kujifanya anasikiliza.

Lakini uani aibu ilikuwa imeshamwagika. Wanawake walinong'ona kwamba Anastasie ametangaza mkwe ambaye hayupo. Espérance alimwona mama yake akikusanya vyombo bila kumtazama mtu, na hilo lilimuuma kuliko Wilfried. Mama akajikaza. Bonaventure hakuwa amekula, kwa hiyo akampelekea sahani.

Bonaventure alipomwona anakuja, aliangusha mizigo, akamgeuzia mgongo, akaenda kusimama nyuma ya ghala la mahindi.

Anastasie akabaki na sahani mkononi, akidhani ametukanwa tena. Kisha jirani mmoja akasema polepole, “Mama Espérance, yule hakatale chakula. Iko kukukimbia.”

Anastasie akaweka sahani chini, akajifunika uso kwa kitenge, akarudi jikoni haraka.

Espérance akaiokota sahani ile, akazunguka ghala. Hasira zilikuwa bado zinamchemka, na kwake mwanaume yeyote wa msafara ule alikuwa takataka.

“Na we, nani alikutuma?”

“Hakuna.”

“Juu ya nini haukusema?”

“Ulikuwa na muntu wako. Lakini tangu tulipita muji ya Baraka nilijua kama mbele ya mama yako mi siwezi kula.”

“Na mi nikikatala?”

“Nitalala na njaa.”

Alitaka kumcheka. Alitafuta dharau yote aliyokuwa nayo dakika ile, na haikutosha. Akamsukumia sahani kifuani.

“Usizani nimekubali,” akasema. “Kula. Na ugeukie kule, mama asikuone.”