Alama Nyekundu za Mtemani

Maiti ya Bi Mwanamize ilikutwa asubuhi kando ya kisima chake mwenyewe, mtaa wa Mtemani, mjini Wete. Shingoni palikuwa na alama za vidole. Kiganjani alishika kipande cha karatasi chenye alama mbili za wino mwekundu.

Inspekta Ngwali alikichomoa taratibu, kwani mwili ulikwisha kukakamaa. Ameuawa jana, alijisemea, baada ya isha.

Nje ya ua watu walishajaa. Waliokuja kulia walikuwa wachache. Wengine walishika madebe ya mafuta ya taa.

"Kisima kifukiwe, nyumba ichomwe," mmoja alisema. "Dresa wa zahanati kachora ramani. Watoto wenye saratani wote wa hapa hapa."

"Humo ndani mna watoto wagonjwa," Ngwali alisema.

"Tutawatoa. Tukishasali Ijumaa tunarudi."

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Ngwali aliacha askari wawili mlangoni, akaenda zahanati.

Mabruki, yule dresa mfunga vidonda, alikuwa akiutazama ukuta mtupu. Ramani yake ilikuwa imenyofolewa tangu jana.

"Daktari wa Unguja aliitaka," alisema. "Ajue saratani hii ya uvimbe wa taya inashika watoto wa mitaa gani. Nimezunguka mji siku kumi, afande. Kila mtoto niliyemkuta, alama moja."

"Uliitia ulipomkuta, au kwao?"

"Nilipomkuta."

"Na wangapi uliwakuta kwa Bi Mwanamize?"

Mabruki alihesabu kwa vidole. "Tisa, tangu nianze. Watano wameshakufa."

Hebu mtazame mtu na elimu yake. Wete nzima ilijua kwamba mtoto akivimba taya hata kijiko hakipiti, mama yake humpeleka kwa Bi Mwanamize, maana ndiye mwenye subira ya kumdondoshea uji tone kwa tone. Lakini karatasi ya serikali ikishabandikwa ukutani, watu husahau walichokiona kwa macho yao.

"Chukua karatasi nyingine," Ngwali alisema. "Nenda kwa mama zao, wote tisa. Uliza kila mtoto uvimbe ulimwanzia nyumba gani. Umpelekee Imamu kabla ya hotuba. Na jana nani aliitazama sana ramani?"

"Hamad Msellem. Ndiyo kwanza katoka kambi ya karafuu huko Shumba. Hata mzigo hajautua."

Ngwali alirudi Mtemani, akahoji majirani mpaka adhuhuri ikakaribia. Jirani, Bi Tatu, alikuwa akiwapepea wagonjwa watatu. Mikeka ilikuwa minne.

"Wa nne yuko wapi?"

"Babake kaja kumchukua jana magharibi, bwana. Hata salamu hakutoa."

"Babake nani?"

"Hamad."

Jana magharibi Bi Mwanamize alikuwa hai, na hakuna aliyekuwa ametaja moto.

Nyumbani kwa Hamad, mtaa wa Limbani, mkewe Mwanapili alikuwa amempakata mwanawe, bakuli la uji pembeni. Mtoto alifumba mdomo. Taya lake la kushoto lilikuwa limefura. Hamad alikaa pembeni, mikono ndani ya shuka.

Ngwali aliweka kile kipande sakafuni. "Leta iliyobaki."

Hamad hakubisha. Aliitoa ramani chini ya mkeka, akaiweka. Kipande kiliingia pahala pake sawasawa.

"Nilirudi kumwambia akifukie kisima," alisema. "Akasema maji yale hayana neno. Akaikamata karatasi, nami nikamkamata koo. Inspekta, nilimwacha mwanangu mzima siku ya Idi. Narudi namkuta kwa yule bibi, kavimba hivi. Na alama zote ziko pale pale kisimani. Weye ungefanyaje?"

Ngwali alimgeukia mama. "Uvimbe ulianza lini?"

Mwanapili aliutazama uji. "Mfungo mosi, mwezi ule ule wa Idi. Siku kumi baada ya yeye kuondoka."

"Kwa Bi Mwanamize ulimpeleka lini?"

"Mfungo tatu, miezi miwili baadaye. Alipokuwa hawezi tena kumeza."

"Uvimbe ulimwanzia humu ndani?"

"Humu."

Hamad alimgeukia mkewe. "Mbona hukuniletea habari?"

"Mtu aliye juu ya mkarafuu hapelekewi habari ya ugonjwa, ataanguka. Mama yako ndiye aliyenikataza."

Adhana ya Ijumaa ilikwisha zamani. Mabruki aliingia akihema, karatasi mpya mkononi.

"Watoto wanane, bila huyu, mitaa saba," alisema. "Hata mmoja hakuanzia Mtemani. Imamu kawasomea. Wamerudi makwao na madebe yao."

Ngwali alitoa pingu, akafunga mkono mmoja wa Hamad.

"Bwana Inspekta, niache nimlishe kidogo. Tangu jana hajala."

Ngwali alisita, kisha akakaa. Hamad alishika kijiko kwa mkono uliobaki huru, akatia uji, akakileta polepole mdomoni kwa mwanawe. Uji ulimwagika kidevuni. Akajaribu tena. Mtoto aligeuza uso ukutani.

"Nipelekeni kwa Bi Mwanamize," mtoto alisema. "Yeye ndiye anayejua."