Kola ya Onwuzurike

Asubuhi ya siku ya soko ilianza kwa utulivu, kina mama wakipita na vikapu vichwani. Nkemdilim aliingia uani kwa Babu Anyaele amejaa hasira mpaka kooni. Miaka yote mzee huyu aliutangazia ukoo kwamba kaka yake, Onwuzurike, alitoroka jeshi wakati wa vita vya Biafra, akapotelea huko. Hivyo Onwuzurike hakufanyiwa mazishi, na mwanawe, baba yake Nkemdilim, alinyimwa ardhi na kuitwa mtoto wa mtoro mpaka leo.

Ila Nkemdilim alikuwa amezunguka vijijini akiwatafuta askari waliopigana pamoja na Onwuzurike. Jana alimpata mmoja, mzee wa mkono mmoja.

"Onwuzurike mtoro? Nani huyo mwongo?" mzee alifoka. "Tulipigana mpaka siku ya mwisho. Tukarudi kwa miguu. Nilimwacha mlangoni kwa mdogo wake, mzima, buti moja mguuni."

La kuvunda halina ubani.

Anyaele alimkaribisha kwa kola, kokwa chungu ya kupokelea wageni, kama desturi. Akaimega, akawatupia wahenga kipande chini, akiwaita kwa majina.

"Umemruka mmoja," alisema Nkemdilim.

"Mtoro hali kola yangu."

"Mwite, babu. Si alifia mbali? Unaogopa nini?"

"We mtoto, chunga mdomo wako."

Kwa mila, mwanamke hatupi kola ya wahenga. Nkemdilim alinyakua kipande, akakirusha chini.

"Onwuzurike! Njoo ule!"

Mbuzi wakanyamaza. Upepo ukakata. Ndani ya ghala la viazi vikuu, mtu akakohoa.

Anyaele alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Usimwite tena," alinong'ona. "Yuko karibu."

Nkemdilim akatazama chini. Kipande hakikuwepo.

"Karibu wapi?"

Macho ya mzee yalikimbilia ghalani.

Nkemdilim alipiga yowe, majirani wakaja na majembe. Alichimba mwenyewe humo ghalani, akilia na kutukana. "Muuaji! Umemwita mtoro, na viazi unavipanga juu yake!"

Udongo ulikuwa mgumu, haujaguswa tangu vita. Akafika kwenye buti moja. Kisha mifupa. Kisha fuvu, limepasuka kisogoni. Anyaele akaketi chini, na hakuna aliyemsaidia.

Nkemdilim alilifuta fuvu kwa kanga yake. Mkono ukasita.

Kola ikimegwa haikawii kubadilika rangi. Kipande kilichokuwa katikati ya meno ya Onwuzurike kilikuwa bado kibichi, kimeng'atwa nusu.