Wimbo wa Tatu Kwenye Banda la Kuhasalmi

Siku ile boya nilikuwa mimi. Naliweka hilo juu kabisa, ili wenye vidole vyepesi msihangaike kunikumbusha kwenye komenti.

Nimesimama mlangoni mwa banda la dansi, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Ndani kodiani inalia. Na pale katikati ya sakafu, kichwa cha Marjut kimelala kwenye bega la Reijo.

Macho kayafumba...

Marjut wangu. Kwa Reijo. Reijo ambaye nilimleta mwenyewe, kwa gari langu, kwa mafuta yangu, na njiani nikamnunulia aiskrimu.

"Huu wimbo wa ngapi wanacheza wale?" nikamuuliza mama anayeuza kahawa pale mlangoni.

"Wa tatu," akasema bila kuniangalia. "Na usogee kidogo, baba, unaziba foleni ya donati."

Wa tatu.

Huku kwetu Ufini, ukienda kucheza na mtu, mnacheza nyimbo mbili, mnarudishana mlipotokea, mnaambiana asante, basi. Anakukanyaga kama farasi? Mbili. Ni malaika kashuka leo? Mbili. Wimbo wa tatu siyo dansi tena. Wa tatu ni tangazo, na kila aliyekaa kwenye benchi analisoma.

Na mimi nililisoma, ndugu zangu. Nililisoma herufi kwa herufi.

Ngoja niwarudishe asubuhi.

Mimi na Marjut tulikuwa wapenzi kwa miaka sita. Yeye na nyumba yake, mimi na yangu, wote Tampere. Watu wazima, kila mmoja kashaachika mara moja, hakuna mwenye haraka. Mimi hasa. Ila Jumapili ile nilikuwa nimekata shauri: leo namwambia tuishi pamoja. Nilipanga nimwambie jioni wakati wa kurudi, ndani ya gari, maana ukiwa unaendesha hulazimiki kumtazama mtu usoni.

Safari yenyewe aliitaka yeye. Wazazi wake walikutana kwenye banda lile la Kuhasalmi, kando ya ziwa, enzi hizo. Wiki nzima ananiuliza kama nitacheza naye. Nikamjibu tutaona.

Kina dada mnaosoma hapa, mnaijua "tutaona" ya mwanamume. Sina haja ya kuitafsiri.

Mimi na dansi hatuelewani. Mimi fundi mabomba, nikisimama nimesimama. Ndipo nikapata wazo nililoliona la kijanja kupita kiasi: nimbebe Reijo. Reijo anapenda dansi kuliko chakula. Yeye atamzungusha Marjut, mimi nitakunywa kahawa yangu kwa amani, jioni nitasema maneno yangu garini, maisha yanaendelea.

Mtaniuliza, hukuogopa?

Nimwogope Reijo? Hebu msikilizeni huyu Reijo. Sharobaro wa miaka hamsini na ushee. Anauza madirisha kwenye majengo ninayofunga mabomba. Nywele kazipaka rangi nyeusi kama buti la jeshi. Viatu vyeupe, kwenye mji wenye kokoto na mavi ya shakwe. Marashi yake yanafika kwanza, yeye anafuata baadaye. Akicheka, utadhani injini inakataa kuwaka. Kazini tulikuwa tunamwita Waziri wa Vioo, na yeye anachekelea, hajui kama anatukanwa.

Mwanamke gani mwenye akili zake angemtazama yule mara mbili?

Basi tukafika. Kuhasalmi ni ule mji ambao ukipiga chafya umeshaupita. Barabara moja. Shakwe wengi kuliko watu. Sokoni wanauza soksi za sufu katikati ya Julai, jua linachoma, na watu wamejipanga kuzinunua. Nikasema hawa wanajiandaa kwa baridi kama watu wanaosubiri polisi. Marjut hakucheka.

Reijo yeye kila kitu kizuri. Dagaa wa ziwani wa kukaanga, wazuri. Ziwa, zuri. Akajipiga picha na sanamu la samaki pale gatini, akatoa midomo hivi. Nikamwambia, "Angalia Reijo, msije mkachanganywa, tukarudi na huyo mwingine." Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Wakati nacheka, yeye alikuwa ameshapokea mfuko wa stroberi wa Marjut na kuubeba. Akawa anamuuliza habari za mama yake. Eti siku ile anakutana na baba, alivaa gauni la rangi gani?

Nikawaza, swali gani hili la kijinga. Marjut akasimama kabisa barabarani, akafikiri, akasema lilikuwa la kijani, mama alilitunza mpaka anakufa.

Miaka sita sikuwahi kulisikia hilo gauni.

Hapo kengele ingelia kwa mtu mwenye masikio. Mimi nilikuwa natafuta pa kuegesha gari kwenye kivuli.

Bandani palijaa. Wazee kwa vijana, mashati yamepigwa pasi, wanamuziki wanne na mwimbaji mwenye koti la rangi ya damu ya mzee, anaimba kuhusu mtu aliyeachwa ziwani. Nyimbo zetu zote ni za mtu aliyeachwa ziwani. Nikawaona Reijo na Marjut wakicheza zao mbili, akamrudisha mpaka kwenye benchi, akamwinamia kama balozi. Nikapiga makofi. Kazi nzuri, Waziri.

Halafu pale gatini mzee mmoja akaja na boti, injini inakohoa, moshi wa bluu. Injini ya zamani, zile ambazo siku hizi huzioni. Nikatoka.

Nilikaa na ile injini muda mrefu, sijui kiasi gani. Tukaifungua, tukaisafisha, ikawaka, mzee akanishika bega. Nilirudi nimejaa furaha, na grisi.

Ndipo nikakuta kile mlichokisikia mwanzo.

Wimbo ukaisha. Nikasubiri Reijo amrudishe. Hamrudishi. Wamesimama katikati ya sakafu, mikono imeshikana, wanasubiri wa nne kama watu wanaosubiri basi la kwenda kwao.

Nikaingia na viatu vyangu vya matope kwenye sakafu ya dansi. Watu wakanipisha. Nikamwambia Reijo nje.

Tulisimama kwenye ngazi za banda na nikamtapikia yote. Nilimwambia habari ya nywele zake. Nilimwambia habari ya viatu, na marashi, na madirisha yake yanayovuja. Nilimwambia mbwa akilishwa huwa anatingisha mkia, haibi nyama. Ndani wote wakajifanya wanaangalia ziwa. Watu wa huku wakijifanya hawasikii, ujue hawajaacha hata neno.

Reijo akaniacha nimalize. Hakukasirika, na hilo ndilo liliniudhi zaidi.

"Jouni," akasema taratibu, "mimi sikumchukua mtu."

"Nina macho, Reijo."

"Basi yatumie. Tazama pale juu ya wanamuziki."

Nikachungulia ndani. Ukutani kuna taa mbili. Moja ikiwaka, wanaume ndio wanaochagua. Nyingine ikiwaka, ni zamu ya wanawake, na mwanamume anakaa kwenye benchi kama mzigo, anasubiri achukuliwe au aachwe. Kila mtu anaijua sheria hiyo. Hata mimi nisiyecheza naijua.

Taa ya wanawake ilikuwa inawaka.

"Imewaka tangu unatoka nje," Reijo akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa. Yeye ndiye aliyekuja. Ulitaka nimkatalie mbele ya watu?"

Somo nawapa hapa hapa, maana mwisho wa hii hadithi sina changu cha kuongeza. Siku nzima nilikuwa nahesabu kasoro za mwanamume mwingine. Viatu vyake, nywele zake, kicheko chake, vyote nilivijua. Nisingeweza kuwaambia Marjut alivaa nini siku ile. Mpaka leo siwezi. Ukiona unamcheka mtu hivyo, jiulize nani anasikiliza pembeni na anaumia.

Walirudi Tampere kwa basi. Baadaye Marjut akahamia Kuhasalmi, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake, na Reijo nyuma yake na viatu vyeupe. Nasikia nyumba imewekwa madirisha mapya. Nasikia hayavuji.

Lakini kabla ya hilo basi kuna lililotokea palepale kwenye ngazi.

Marjut alitoka nje. Nikamwacha Reijo, nikamgeukia yeye. Nilisema mengi. Nilisema miaka sita, Marjut. Nilisema nilikuwa na neno la kukuambia leo leo. Akaniuliza kwa nini sikulisema asubuhi, nikasema nilikuwa nasubiri tuwe garini. Akatikisa kichwa tu.

Nikaona nimebakiwa na swali moja, na nililiona ni zito, halina jibu. Nikapaza sauti, kila mtu asikie, awe hakimu.

"Taa imewaka, banda zima liko mbele yako, una ruhusa ya kumchukua yeyote unayemtaka. Kwa nini hukuja kwangu?"

Marjut akanitazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama.

"Nilikuja kwako kwanza, Jouni. Nilikunyooshea mkono mbele ya watu wote. Ukaniwekea kikombe kitupu mkononi, ukaniambia nikushikie, unaenda kuangalia injini."