Koti Lililoshonwa kwa Bandi

Watu walikuwa wakipigana vikumbo langoni mwa soko fundi cherehani alipotua kitabu juu ya meza ya muuza vitabu kama anayetua jiwe.

"Marehemu mke wangu alikinunua hapa. Chukua tu."

Muuza vitabu, gauni la kijani, miwani juu ya kilemba, akakifungua. Ukurasa mmoja ulikuwa umekunjwa. "Hakumaliza?"

"Hawakumpa nafasi. Kifua kilimbana kiwandani, akalia, 'Fungua geti!' Mkuu akasema geti hufunguliwa zamu ikiisha. Mke wangu akaisha kabla ya zamu."

"Pole, kaka. Basi kimalizie wewe."

"Kwa darasa langu la tatu? Nitafika ukurasa wa pili nina mvi."

"Mvi unazo tayari." Wakajikuta wanacheka. "Kaa nacho. Nina nakala nyingine, nitakusomea kwa simu."

Kilikuwa kitabu cha Japani ya zamani, cha geisha: binti aliyetolewa kwao akafunzwa kuimba, kucheza na kuwamiminia wakubwa chai huku anatabasamu. Mmoja wa wakubwa hao ndiye aliyeamuru kijiji chao kichomwe. Kila adhuhuri simu iliita, fundi akaiegemeza kwenye cherehani.

"Anammiminia tena? Si ammwagie usoni!"

"Tulia, kipenzi, chai bado ya moto."

"Wakubwa ni wale wale. Wa kule hariri, wa huku suti. Wakishakuumiza wanataka na tabasamu."

Siku moja akasomewa kwamba kimono, joho la geisha, ikichafuka hufumuliwa yote, vipande vikafuliwa, kisha ikashonwa upya. Fundi akasimamisha cherehani. "Kumbe imeshikwa kwa uzi mwepesi, kama bandi tunayopiga kabla ya kushona!"

"Mbona umefurahi hivyo?"

"Sauti yako, mpenzi." Mwongo mkubwa.

Asubuhi ile, kabla ya simu, mkuu wa kiwanda kile alikuwa amekuja kushonesha suti. Anapewa tuzo ya usalama wa wafanyakazi, usicheke. Alinyoosha mikono akapimwa, asimtambue mgane aliyemlilia mlangoni mwa ofisi yake. Jicho la mkubwa halishuki chini ya tai yake mwenyewe.

"Nifundishe kuandika 'fungua'," fundi aliomba kesho yake. "Na 'geti'."

Hapo muuza vitabu akashtuka: hayo yalikuwa maneno ya marehemu. Alipofika mwisho wa kitabu, akasoma haraka haraka: "Geisha akamsamehe, akaenda zake kwa amani."

Maneno yale yalimwingia fundi. Alitia uzi imara kwenye cherehani alishone koti la mkuu kama makoti mengine. Lakini kwanza akataka kuuona msamaha huo kwa macho yake. Kidole kwenye mstari, herufi kwa herufi, akautafuta kwenye ukurasa wa mwisho. Msamaha hakuuona. Geisha alisimama mbele ya wageni wote, akaimba jina la kila aliyeungua.

Akapiga simu. "Umenidanganya."

"Watakufunga! Halafu mimi nimsomee nani?"

"Umewatetea wakubwa."

"Nimekutetea wewe, kichwa ngumu!"

Akakata. Simu ikaita mara tisa. Fundi akautoa uzi imara, akapiga bandi.

Siku ya tuzo ukumbi ulijaa wafanyakazi na watu wa mtaani. Fundi alibaki dukani. Mkuu akapokea kikombe, akawageukia wageni rasmi jukwaani, mgongo kwa ukumbi, akakiinua kwa mikono miwili. Mshono wa mgongoni ukaachia kutoka kola hadi kiuno. Ndani, kwenye bitana nyeupe, uzi mwekundu ulisema: FUNGUA GETI.

Mwanamke mmoja akasoma kwa sauti. Akadakia wa pili, wa kumi, ukumbi mzima ukisoma kama darasa, na mkuu anajizungusha kama kuku, hauoni mgongo wake.

Jua halijashuka, simu ya fundi ikaita.

"Ile G umeigeuza, fundi. Imetazama nyuma."

"Ulikuwepo?"

"Unadhani nani alianza kusoma?"

Fundi akautazama mlango. "Watakuja kunichukua."

"Waje. Watanikuta mlangoni kwako."

Akachungulia. Gauni la kijani, kitabu kwapani, vumbi hadi magotini. Akachukua utepe.

"Simama nikupime."

"Gauni la nini?"

"La harusi, ukikubali."

"Kwa bandi?"

"Kwa uzi wa turubai, mara mbili."

Muuza vitabu akanyoosha mikono. "Pima, mume wangu. Ila mlango huo usiufunge."