Nukta ya Kijani ya Faudhia

Watu wa Kasulu, nisikilizeni. Asiyetaka aondoke, sitambembeleza mtu.

Shamsi na mkewe Faudhia walikuwa jirani zangu kule Kitanga. Nyumba yao ilikuwa tulivu. Kila asubuhi Faudhia alinipigia makofi ya salamu, kama desturi yetu, "Mwidiwe, mama Epifania!", naye Shamsi akawasha pikipiki kwenda kufungua duka lake la simu mjini. Mwaka 2014 Faudhia akashika mimba yao ya kwanza, tukafurahi wote.

Kisha ikaja hiyo katuni ya Kijapani. Eti msichana anahamia ndani ya mtandao, na humo kila ambaye taa yake inawaka yu hai. Hadithi tu! Lakini Shamsi, mwanamume mzima na ndevu zake, akaimeza nzima nzima. Akawa analala hukohuko dukani, macho kwenye kompyuta, wateja wanajiondokea.

Nilimfuata nikamgombeza.

"Mke wangu namwona humu," akanijibu. "Nukta ya kijani kando ya jina lake ikiwaka, najua ni mzima. Mwili ni mzigo tu, mama."

Mzigo! Na huo mwili si ndio uliombebea mtoto wake?

Siku ya uchungu Faudhia alimwandikia: "Njoo na pikipiki, damu inatoka." Jibu nililisoma kwa macho yangu: "Mbona uko hewani, mpenzi? Usiogope. Namalizia sehemu hii ya katuni."

Yebaba wee! Tulimlaza kwenye machela, wanaume wakambeba mbiombio. Simu yake yenye betri mbovu tuliiacha kitandani, imechomekwa kwenye sola, ukurasa wa ujumbe uko wazi. Njiani Faudhia akaniuliza, "Anakuja?" Nikamdanganya kwamba anakuja. Alikata roho kabla hatujafika hospitali, na mtoto akiwa tumboni.

Nikaenda dukani na kanga yangu yenye damu.

"Shamsi, Faudhia ametutoka."

Hakugeuka hata kunitazama. "Acha utani, mama Epifania. Yuko hewani, angalia."

Kweli, nukta ilikuwa inawaka. Nikamzaba kofi. Akajishika shavu, akaendelea kuitazama. Alasiri mawingu yakafunga, ile sola kule nyumbani ikaishiwa, simu ikazimika. Nukta ikapotea.

Hapo ndipo akapiga yowe. Damu ya mkewe ilikuwa mbele yake muda wote huo, yeye akalilia taa.

FUNZO

Sisemi mchome kompyuta zenu. Katuni tazameni, zikiisha mzime. Ila mwenzako akikwambia anaumwa, inuka uende, umshike mkono, umwone kwa macho yako. Taa ya simu haijui kama mwenye simu anapumua. Mkiwaacha wake zenu na watoto wenu mikononi mwa taa, mtawazika, na hakuna wa kumlaumu zaidi yenu.

Na wewe Shamsi, najua haya yatakufikia. Ukipita mlangoni kwangu usinisalimu. Mikono hii ilimwosha Faudhia, na makofi ya salamu haitakupigia tena.